Maji Yasiyovukwa

Jengo la mtaa wa Malaz lilikuwa la ghorofa nne, na maji yake yalikuwa na njia moja tu. Bomba la mji liliyaleta kwa zamu, na zamu ikikatika yaliletwa na lori. Yaliingia kwenye tangi la zege chini ya maegesho ya magari, pampu ikayapandisha kwenye matangi ya juu ya paa, na kutoka huko yakashuka majikoni na vyooni. Baada ya hapo hakuna aliyeyaona tena. Riyadh nzima iko hivyo. Maji yake mengi ni ya bahari iliyo mbali sana, yaliyotolewa chumvi na kusukumwa jangwani ndani ya mabomba, na yakishafika mjini hufichwa chini ya saruji. Mimi nilikuwa fundi bomba wa jengo hilo na mengine mawili ya jirani ya mwenye mali yule yule, na nadhani niliyaona maji hayo kuliko wapangaji wote.

Mwenzangu alikuwa fundi wa vipoza hewa, Mhindu kutoka kusini ya India, mtu wa makamo kama mimi. Tulilala chumba kimoja kilichojengwa juu ya paa, kando ya matangi. Tulizungumza kwa Kihindi changu cha Mombasa, Kiarabu chake cha kazini, na Kiingereza pale viwili hivyo vilipokwama. Aliniita bhai, yaani ndugu, nami nikamwita bhai.

Vipoza hewa vya jengo lile vilikuwa vya aina ya kale: masanduku ya bati yenye kuta za nyuzi za mbao. Pampu ndogo hulowesha nyuzi hizo, feni huvuta hewa ipite humo, na hewa huingia chumbani ikiwa baridi. Vinafaa Riyadh kwa sababu hewa yake ni kavu kupita kiasi. Ndani ya kila sanduku kuna boya la kufunga maji, na boya likichoka maji hufurika na kudondoka. Kazi ya maboya ilikuwa yangu.

Wiki niliyofika nilipanda na spana kuyakagua. Nyuma ya sanduku la pembeni kabisa nikaona tone likianguka juu ya jiwe. Lilikuwa jiwe jeusi la mviringo, refu kidogo, limesimamishwa kwenye sinia la bati. Tone lilianguka juu yake, likaenea, likashuka kwenye sinia, na kutoka kwenye mdomo wa sinia maji yalichirizika sakafuni kuelekea upande wa kaskazini. Nilikuwa nimeshainua mguu kuuvuka mchirizi huo. Nikaurudisha, nikageuka, nikazunguka matangi yote hadi nikatokea upande wa pili.

Mwenzangu alikuwa amechutama kivulini akisafisha mota. Aliacha kusafisha.

“Kwa nini umezunguka?” akaniuliza.

“Maji hayo hayavukwi.”

Kisha akauliza nani alinifunza, nami nikakaa chini nikamweleza.

Ujana wangu nilifanya kazi kwa kontrakta wa Mombasa aliyehudumia hekalu moja la Wahindi na nyumba nyingi za waumini wake. Siku ya kwanza niliuvuka mfereji unaotoka chumba cha ndani, nikiwa na mfuko wa vyuma begani, na bwana aliyesimamia hekalu akanikaripia mbele ya watu wote. Baadaye alinieleza, si kwa upole sana. Ndani mna jiwe la ibada, na juu ya jiwe kumetundikwa chungu cha shaba chenye tundu dogo, ili maji yalipoze mfululizo. Maji yakishaligusa jiwe hayawi tena maji ya kawaida. Hutoka nje kwa mdomo wa mawe uliotiwa kwenye ukuta wa kaskazini, na mwumini anayelizunguka jiwe akiufikia mfereji hugeuka arudi alikotoka. Ilinibidi kuyajua hayo, kwa sababu mabomba yangu yalipaswa kupita mahali pasipokera.

Tangu hapo nikaanza kuangalia. Nyumba nyingi za Kihindu nilizozitilia bomba zilikuwa na tangi la chini kwenye pembe ya kaskazini-mashariki. Mchoro ukiliweka penginepo, mwenye nyumba hubishana na mchoraji, na mara moja niliona ukuta uliokwisha kupigwa lipu ukibomolewa kwa ajili hiyo. Shuleni niliishia darasa la saba. Nilinunua vitabu vya zamani kwa wauzaji wa njiani, na simu zilipokuja nikasoma kwenye simu. Nikasoma juu ya miji ya India iliyochimbiwa bwawa katikati, hekalu likawekwa kando yake na soko nyuma ya hekalu. Nikasoma juu ya visima vyenye ngazi, vinavyoshuka ghorofa baada ya ghorofa chini ya ardhi, ili mwenye kutaka maji ayafuate kwa miguu yake. Na ngazi za kando ya mito, ambako mtu huogeshwa akiwa mchanga na majivu yake hutiwa mtoni akiisha kufa. Mimi ni Mwislamu, na kwangu maji ni udhu, josho, na kuosha maiti. Sikuhitaji dini yao ili nione kwamba wajenzi wale walianza na maji, kisha wakatafuta mahali pa kuweka kuta.

Nilipomaliza kusema, mwenzangu aliiweka mota kando. Kisha akanieleza la kwake, na tangu siku hiyo nikawa nalijua jambo alilokuwa akilisubiri.

Baba yake alikuwa mgonjwa. Mapafu yalikuwa yanakwisha. Yeye alikuwa mtoto wa kiume wa pekee. Kwao baba akifa, mtoto wa kiume ndiye hubeba chungu cha udongo chenye maji begani, akauzunguka moto wa maiti mara tatu. Kila mzunguko mtu aliye nyuma yake hukitoboa chungu, na maji hutoka yakichora duara chini. Akimaliza hukiachia chungu kianguke nyuma ya mgongo wake kivunjike, kisha huondoka bila kugeuka kutazama. Baba yake alikuwa amemfanyia hivyo babu, na babu alimfanyia baba yake. Katika simu baba hakuuliza juu ya dawa wala juu ya kitu kingine. Aliuliza, utakuja?

Kuja kulihitaji karatasi ya kutoka, na karatasi hutolewa na kafili, mwajiri anayekudhamini nchini. Mudiri, meneja wa ofisi, alikuwa amejibu bukra, yaani kesho, kisha baada ya Ramadhani, kisha kazi ikipungua. Basi mwenzangu aliweka nadhiri: maji yadondoke juu ya lile jiwe bila kukoma mpaka ashike karatasi mkononi. Alilegeza boya la lile sanduku kwa makusudi. Aliniomba nisilitengeneze, nami sikulitengeneza. Tulilificha jiwe kwa mbao na mapipa ya rangi matupu, maana ibada kama ile imekatazwa huko, na ingeonekana, mudiri asingeuliza maelezo.

Kulikuwa na mtu mmoja zaidi aliyejua. Ghorofa ya pili alifanya kazi mwanamke wa Machakos, Mkristo, mdomo wake mkali na moyo wake mwepesi. Alipanda juu kuanika nguo, na hayo ndiyo yaliyokuwa matembezi yake pekee. Aliliona jiwe hata kabla yangu.

“Aki mzee,” aliniambia, “madam ananipigia kelele nikitumia ndoo mbili kufua, na huku juu bhai yako anaogesha jiwe siku nzima.”

Nilimweleza sababu. Alisikiliza huku akikamua shuka.

“Sasa huyo Mungu wake si amwambie mudiri moja kwa moja?”

“Muulize mwenyewe.”

Hakumuuliza. Lakini kila alipomaliza kuanika alihakikisha mapipa yamekaa mahali pake, na siku wakaguzi wa mwenye mali walipopanda alitandaza blanketi zito lenye maji juu ya mbao zile na kusimama mbele yake, akilalamika kwa Kiarabu kuhusu kamba mpaka wakashuka.

Kiangazi chote tone liliendelea. Kisha ukaja msimu wa baridi. Vipoza hewa hufungwa majira hayo, maji hukaushwa, na masanduku hufunikwa kwa turubai. Mwenzangu alikuwa akilijua hilo na alilihofia. Ijumaa moja nilishuka Al-Dirah, kwenye maduka ya Wahindi na Wabangladeshi nyuma ya soko, nikatafuta chungu cha shaba chenye tundu. Vyungu vya shaba vilikuwepo, vyote vizima, na bei yake sikuiweza. Nikarudi na kitu kingine kutoka duka la dawa: mpira wa kutundikia maji ya mgonjwa, wenye kigurudumu cha kupunguza mtiririko. Niliufunga kwenye chupa kubwa ya maji, nikaitundika kwenye chuma cha tangi, nikarekebisha hadi likapatikana tone moja, kisha jingine, kwa mwendo alioutaka.

Alicheka alipouona. “Jiwe nalo limelazwa hospitali,” akasema.

Chupa ilihitaji kujazwa asubuhi na jioni. Mara nyingi iliwezekana. Lakini jengo la jirani pampu iliungua, tukashinda huko wote wawili, na tuliporudi chupa ilikuwa tupu. Maji ya matangi ya Riyadh yana chokaa nyingi. Jiwe lilikuwa limekauka na kuwa jeupe juu, kama lililonyunyiziwa unga. Mwenzangu alilikwangua kwa kucha. Nilimwambia kwamba nadhiri ya mtu aliye kazini haiwezi kupimwa kama ya mtu aliye huru, na kwamba hata sisi Waislamu tuna ruhusa kwa msafiri. Alinijibu kwa adabu kwamba maji hayakuambiwa nani yuko kazini. Wiki hiyo dada yake alipiga simu kusema kwamba baba halali tena chali, analala akiwa amekaa.

Ndipo mudiri akamwita. Mwenye mali alikuwa na ndugu Jeddah mwenye majengo mtaa wa Ruwais, naye alihitaji fundi wa vipoza hewa na fundi bomba. Kule, mudiri alisema, likizo si tabu. Kilichotakiwa ni kubadilishiwa kafili tu.

Yule mwanamke wa ghorofa ya pili, aliposikia, alituambia tuulize kwanza miaka ya likizo itahesabiwa tangu lini, tangu mkataba wa zamani au tangu mpya. Alikuwa na mwenzake kutoka kwao aliyehamishwa nyumba akaanza kuhesabiwa upya. Niliuliza. Mudiri alisema halas, basi, mambo ni yale yale. Nilimwambia mwenzangu kwamba hilo halikuwa jibu, na kwamba mimi nilikuwa tayari kungoja mpaka tuonyeshwe karatasi.

Yeye hakuuliza juu ya mkataba. Alishuka kwa madereva wa malori, mmoja wao alikuwa amefanya kazi Jeddah, akamuuliza kuhusu maji. Dereva alimweleza mambo ambayo mimi pia nilikuwa nimeyasoma. Hewa ya Jeddah imejaa bahari. Huko masanduku ya kale hayafai kitu. Watu hutumia vipoza hewa vya gesi, na vipoza hivyo huitoa hewa unyevu wake na kuumwaga nje kwa mpira mdogo. Kila dirisha linadondosha. Kiangazi na baridi, hakuna anayefungua bomba wala kujaza chupa. Maji hutoka hewani yenyewe.

Alipanda kunieleza kama mtu aliyeletewa habari ya mtoto kuzaliwa. Alisema mahali kama pale nadhiri haiwezi kukatika. Akatia sahihi. Nami nikatia, kwa kuwa sikutaka aende peke yake. Yule mwanamke alitufungia mikate ya kukaanga aliyoipika kwa siri, akamwambia mwenzangu, “Bhai, ukifika kwenu umwambie huyo baba yako wamama wa Kenya wamelinda jiwe lake.” Hatukumwona tena.

Ruwais iko kando ya bahari. Zamani walikaa wavuvi. Wakati wetu zilikuwa nyumba za kupanga zilizobanana, kuta zake zimeliwa na chumvi. Yote aliyosema dereva yalikuwa kweli. Vipoza hewa vilidondosha juu ya magari, juu ya paka, juu ya vichwa vya wanaokwenda kuswali. Chini ya kila mpira kulikuwa na doa la kijani ukutani. Nyuma ya chumba cha pampu, mahali pasipopita mtu, mpira wa familia ya ghorofa ya kwanza ulifika hadi karibu na ardhi. Mwenzangu aliliweka jiwe chini yake. Maji yale hayana chokaa. Jiwe lilirudia weusi wake, likang'aa. Mchirizi nao, bila sisi kuuelekeza, ulikwenda kaskazini kuufuata mwinamo wa saruji. Alisimama pale mikono yake imekutana kifuani. Sijawahi kumwona mtu akiwa na uhakika kama ule.

Mwezi uliofuata tulipewa ikama mpya, vibali vya kuishi nchini. Alikwenda ofisini na ombi lake, na karani, kijana mwenye heshima, akamwonyesha mkataba: likizo ya kwanza ni baada ya miaka miwili, kuanzia siku ya kuhamishwa. Mwenzangu alieleza kuhusu Riyadh. Karani alisema ya Riyadh yako Riyadh. Alimwonea huruma, hilo lilikuwa wazi, akamletea chai. Kafili mpya alikuwa safarini. Aliporudi aliahidi kufikiria, na nadhani alifikiria. Tulikwenda mara nyingi, mimi nikiwa mkalimani ingawa Kiarabu cha mwenzangu kilikuwa kizuri kuliko changu, kwa sababu alidhani Mwislamu atasikilizwa. Sikusikilizwa zaidi yake.

Kila tuliporudi kutoka ofisini tulikuta jiwe linadondokewa.

Simu ya dada yake ilikuja asubuhi tukiwa tunabeba mota. Aliiweka mota chini taratibu, akasikiliza, akasema maneno machache kwa lugha yao. Baba alikuwa amekufa alfajiri, akiwa amekaa. Kwao maiti haingoji kesho. Moto ungewashwa baada ya saa chache, na chungu kingebebwa na mtoto wa binamu, kwa sababu hapakuwa na mwingine. Mwenzangu aliomba waambiwe wampigie watakapoanza kuzunguka.

Kisha akanigeukia. “Bhai, nitafutie chungu.”

Vyungu vya udongo vinauzwa Jeddah, lakini si Ruwais, na muda haukutosha. Nilitafuta stoo. Kulikuwa na ndoo za plastiki za rangi. Nikaosha moja mpaka ikatakata, nikaijaza maji. Aliniomba pia niwe mtu wa nyuma, mwenye kutoboa. Nilijiuliza kama inanijuzu. Nikaona kwamba kutoboa ndoo ni kazi ya fundi, na Mola anajua nia. Nilichukua msumari na nyundo ndogo.

Simu ilipolia aliiweka mfukoni bila kuikata, sauti za watu wa kwao zikisikika kwa mbali. Aliweka ndoo begani, akalizunguka jiwe. Hapo uchochoroni nyuma ya chumba cha pampu palikuwa finyu. Bega lake lilikwaruza ukuta. Alipoufikia mchirizi aligeuka akarudi alikotoka, ingawa moto wa maiti hauzungukwi hivyo, na ilibidi tuanze tena kwa kuufunika mchirizi kwa kipande cha ubao. Nikatoboa. Maji yakatoka kwa uzi mwembamba mgongoni mwake. Akazunguka, nikatoboa. Akazunguka, nikatoboa. Shati lake lote lilikuwa limelowa. Akasimama akiwa amelipa jiwe mgongo, uso umeelekea barabarani, akaiachia ndoo.

Ndoo ya plastiki haivunjiki. Ilidunda kwenye saruji, ikapiga ukuta, ikabingirika na kuja kusimama miguuni pangu.

Nilijua hakupaswa kugeuka, na najua naye alijua. Lakini sauti ya kuvunjika haikuja. Alingoja. Kisha akageuka akatazama.

“Haikuvunjika,” alisema.

“Haikuvunjika, bhai.”

Niliokota ndoo nikasema nitaipasua kwa nyundo, au tutakwenda sokoni jioni tukanunue cha udongo tufanye upya. Alitikisa kichwa. Mfukoni sauti za watu zilikuwa zimekatika. Juu dirishani mama wa ile familia ya ghorofa ya kwanza aliita kwa Kiarabu, akiuliza fundi wa kipoza hewa yuko wapi, chumba cha watoto kimekuwa moto.

Alijibu kwamba anakuja. Alipangusa uso kwa mkono wa shati. Ubao ulikuwa umesogea, na mchirizi wa jiwe ulikuwa umeshika tena njia yake, kati yetu sisi na mlango. Alikanyaga upande wa huku wa mchirizi, akakanyaga upande wa pili, akaenda zake kuchukua vyombo. Mimi nilibaki na ndoo. Kisha nikazunguka.